Akisafiri Mzungu ni Utalii, Akisafiri Mtoto wa Kalenga ni Kuzurura?

Nimepotea jamvini karibu wiki tatu, najua. Mitihani ya semista, baridi ya Iringa ya kuvaa makoti mawili, halafu bumu likaja limechelewa. Mtanielewa. Leo sina habari za hosteli wala za lekchara aliyetupiga jaribio la ghafla. Leo nina hoja, na nadhani baadhi yenu mtanuna. Si kitu, ndiyo raha ya kulonga.

Hoja yenyewe hii hapa: mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Ulaya ana haki ya kutembelea miji ya huko. Tena nakwenda mbali zaidi, nasema ana wajibu. Na akipata nafasi ya kutembea na mtu anayempenda, awe mchumba, mdogo wake au mama yake mzazi, asione haya hata kidogo, na sisi tuliobaki huku tusimsute.

Kilichonichokoza ni jambo la kifamilia, nitalisema kwa kifupi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasoma shahada ya uzamili Ujerumani. Kazaliwa Kalenga, kasoma shule ya msingi Kalenga, kachota maji Kalenga. Mwezi uliopita yeye na mchumba wake (Mbongo mwenzetu, anasoma mji mwingine huko huko) walichukua siku nne za mapumziko wakatembea Bremen, Hamburg na Berlin. Wakatuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Bibi akasomewa maelezo, akacheka. Mama mkubwa akauliza mbona umekonda. Halafu mjomba mmoja akaandika: "Hela ya kuzurura ipo, ya mabati ya bibi haipo." Basi bwana, kundi lote kimya siku mbili. Siku ya tatu dada akafuta picha zote.

Mimi mjomba namheshimu, shikamoo yake iko pale pale, na ada yangu ya kidato cha tano alinilipia yeye. Ila kwa hili hapana. Na kwa kuwa najua wajomba wa namna hii wako katika kila ukoo, acha niliseme hadharani.

Tuanze na hela, maana ndipo penye kelele. Watu wakisikia "mamtoni" wanaona mifereji inatiririsha yuro. Ukweli ni kwamba mwanafunzi wa nje asiye na ufadhili, ili apewe viza ya kusoma Ujerumani, anatakiwa aonyeshe fedha za kujikimu za mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904. Kwa shilingi zetu ni mamilioni, mtu unashika kichwa. Lakini fedha hizo zinafungiwa kwenye akaunti, na kila mwezi anaruhusiwa kuchukua yuro 992 tu. Humo humo atoe kodi ya chumba, bima ya afya, chakula, na koti la baridi. Ikipungua anakwenda kubeba boksi, na boksi lenyewe lina mpaka: sheria iliyoanza Machi 2024 inamruhusu mwanafunzi wa nje siku 140 kamili za kazi kwa mwaka.

Sasa nauli. Tangu Mei 2023 Ujerumani ina tiketi moja ya mwezi ya kupanda mabasi, tramu na treni za mikoani nchi nzima. Ilianza kwa yuro 49, mwaka 2025 ikawa 58. Wanafunzi wa vyuo vingi wanailipia kwa bei ya chini zaidi, pamoja na michango ya muhula. Maana yake dada yangu tiketi anayo mfukoni tayari, ndiyo anayoendea darasani kila siku. Alipokwenda Bremen hakuongeza hata senti ya nauli. Alipanda treni ya polepole, kabeba mkate na mayai ya kuchemsha, akalala kwa Watanzania wenzake. Mabati ya bibi hayakuyeyukia kwenye treni, mjomba. Kama hayajanunuliwa, tuulizane wote, pamoja na sisi tunaokunywa soda hapa Mlandege kila Jumamosi.

Hela tuiweke pembeni basi, maana si kiini cha jambo. Kiini ni swali hili: alikwenda kuona nini? Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wa Kalenga mnisikilize.

Bremen ni mji wa kaskazini mwa Ujerumani. Watalii wanakwenda kuona sanamu ya punda, mbwa, paka na jogoo waliopandana migongoni, wale wa hadithi ya wanamuziki wa Bremen. Desturi ya pale ni kushika miguu ya mbele ya punda kwa mikono miwili na kuomba jambo. Dada na mchumba wake walishika. Waliomba nini hatujaambiwa, ila mahari ijiandae.

Lakini ukishuka stesheni kuu ya Bremen, kabla hujafika hata kwa huyo punda, kuna jumba kubwa la makumbusho linaitwa Übersee-Museum. Hapo ndipo mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alipokwenda kutafuta fuvu la Mtwa Mkwawa. Alikuta mkusanyiko wa mafuvu kama 2,000. Hebu soma tena namba hiyo. Mafuvu ya watu, yamepangwa kama vitabu vya maktaba.

Wenzangu wa Historia mnaikumbuka mnyororo wake, ila nirudie kwa wa Hisabati. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafa. Oktoba 30, 1894, Wajerumani wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana vita ya kuvizia karibu miaka minne, na Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa eneo la Mlambalasi, akajipiga risasi mwenyewe asikamatwe. Kichwa kikakatwa, fuvu likavuka bahari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka kwenye kifungu namba 246 kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Juni 19, 1954, Twining akalikabidhi pale Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo nauliza. Msichana wa Kalenga akisimama mbele ya jumba lile la Bremen, akiwa na mtu anayemtegemea kuanza naye maisha, akamwonyesha kwa kidole, "Humu ndimo alimokuwa Mtwa wetu", huko ndiko kuzurura? Mimi naona ni kama kwenda kwenye kaburi la ukoo. Tofauti ni kwamba kaburi liko nchi ya watu.

Nyuma ya stesheni hiyo hiyo kuna tembo mkubwa wa matofali, kimo chake kama mita 10. Alijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuwa ukumbusho wa makoloni, wakati Wajerumani wengi wakililia makoloni waliyonyang'anywa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Bremen wenyewe wakambadili kazi, akawa mnara wa kupinga ukoloni. Tembo yule yule, matofali yale yale, maana nyingine. Hilo kwangu ni somo la kidato cha nne la saa mbili nzima, na hulipati kwenye desa lolote.

Berlin ndiyo usiseme. Kwenye makumbusho ya viumbe asilia amesimama mjusi wa Tendaguru, kutoka kwetu Lindi. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na vibarua wetu kwa mamia, ikabebwa vichwani hadi bandarini. Kimo chake ni zaidi ya mita 13. Watoto wa Kijerumani wanapelekwa na walimu wao kumwona, wanarudi nyumbani wakichora picha. Watoto wa Lindi wanamsoma kwenye kitabu chenye picha nyeusi isiyoonekana vizuri. Mtanzania akienda kumtazama mjusi wake mwenyewe, sisi tunauliza mabati!

Na katika mtaa wa Neukölln, Berlin hiyo hiyo, kuna barabara iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, kamanda na baadaye gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 2021 wakaifuta hiyo, wakaiita Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu, mama wa Moshi, mwanamke wa kwanza kuingia kwenye baraza la mawaziri la nchi hii akiwa waziri mdogo. Na yeye alikuwa mwanafunzi ughaibuni, alisoma Ruskin College, Oxford. Dada yangu alipiga picha chini ya kibao cha barabara hiyo. Ndiyo mojawapo ya picha alizozifuta.

Hapa nawageukia walimu watarajiwa wenzangu. Sisi tutakwenda mafunzo kwa vitendo, tutasimama mbele ya watoto 80 kwenye darasa moja, tutawaambia habari za Mkwawa, Berlin, Versailles. Tutazitoa wapi? Kwenye desa lililonakiliwa kwenye desa, ambalo nalo lilinakiliwa na mtu aliyehitimu zamani. Ndiyo maana watoto wanakariri tarehe wakaziacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mwalimu aliyeona anafundisha tofauti na mwalimu aliyekariri. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma ualimu Makerere kwanza, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Najua mtasema yeye alikwenda kusoma, hakwenda kutembea. Hivi mnadhani miaka mitatu Uskoti alikaa chumbani? Ule ujuzi wa kumjua Mwingereza kwao, jinsi anavyopiga kura, anavyobishana, anavyomwogopa au asivyomwogopa mkubwa wake, huupati maktaba tu.

Sasa nifike kwenye lile la pili, la kusafiri na unaowapenda. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Nyerere alipokwenda Edinburgh alimwacha mchumba wake, Maria, nyumbani. Walifunga ndoa mwaka 1953, baada ya yeye kurudi. Enzi zile barua ilichukua wiki na wiki. Lakini angalau alimkuta. Msikilize mwingine huyu, ambaye wengi wetu tunasoma Kiswahili bila kumjua. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya kile kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903. Huko Berlin akapenda, akamwoa Bertha Hilske, binti wa Kijerumani, mwaka 1904. Mwaka uliofuata akapanda meli na mkewe arudi naye kwao. Mwalimu anarudi nyumbani na mke wake, kuna kosa gani? Serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke pamoja. Mwafrika na mke wa Kijerumani katika koloni la Kijerumani, kwao ilikuwa fedheha. Ikabidi wageuze, warudi Ujerumani. Mtoro akaendelea kufundisha Waswahili wasio Waswahili, na alifia Berlin mwaka 1927. Yaani mtu alizuiwa asiingie nchi aliyozaliwa kwa sababu ya mtu aliyesafiri naye.

Utasema hayo ya kale. Sawa, njoo kwenye ya leo. Mama mkubwa ana hamu moja tu: kumwona binti yake akivishwa joho mwakani. Tulikaa naye mimi na mdogo wangu tukamwandikia orodha ya vinavyotakiwa kwa viza ya matembezi ya nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari ya kiwango kisichopungua yuro 30,000. Taarifa za benki. Barua ya mwaliko. Ushahidi wa kazi au mali, kuonyesha kwamba atarudi. Alama za vidole, maana yake safari ya Dar, karibu kilometa 500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kabla hujajua kama utapata au hupati.

Mama mkubwa analima mahindi na nyanya bondeni mwa Ruaha Mdogo. Mshahara hana, kwa hiyo karatasi ya mshahara hana. Hela zake ziko kwenye simu na kwenye kikoba. Akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Wanataka nithibitishe kwamba nitarudi? Kwani ng'ombe wangu nani atawakamua?" Tulicheka, lakini mwenzenu sikucheka sana. Mpaka leo fomu hajajaza. Anasema hela hiyo bora anunue mbolea.

Linganisha na upande wa pili. Kijana wa Bremen wa umri wangu akitaka kuja kuona tembo wa Ruaha, anaomba viza yetu kwa intaneti, analipa dola 50, anakuja na mpenzi wake, wazazi wake, hata bibi yake. Anapita Kalenga njiani kwenda hifadhini, anatazama fuvu, anapiga picha, anaondoka. Hakuna anayemuuliza mabati ya nyumbani kwao. Sisi tunamwita mgeni, tunamwambia karibu sana. Na tunafanya vizuri, sipingi ukarimu wetu. Ninachopinga ni kwamba neno lile lile la kutembea, kwa mmoja ni utalii na kwa mwingine ni kuzurura.

Fuvu la mtu wa Kalenga lilivuka bila ridhaa ya mwenyewe, likakaa huko zaidi ya miaka 50. Mama wa Kalenga aliye hai, mwenye ridhaa na hamu yake, anatakiwa alete taarifa ya benki. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Nilifurahi, na nilimheshimu kwa hilo. Ila kwa mtazamo wangu msamaha ukitoka mdomoni inafaa ufike na kwenye dirisha la viza. Kama chuo cha nchi fulani kimempokea binti, kikachukua akili yake na karo na kodi ya jasho lake la boksi, basi mzazi wake aje siku ya mahafali kwa utaratibu mwepesi, kwa barua ya chuo hicho hicho. Siku kumi tu. Sidhani kama naomba mwezi.

Na kwa kuwa mama hawezi kwenda kwa urahisi, ndiyo maana nasema mwanafunzi akipata bahati ya kuwa na mchumba, ndugu au rafiki wa karibu huko huko, atembee naye. Upweke wa ughaibuni si mchezo. Bibi Salme wa Zanzibar, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alikwenda na mumewe Hamburg mwaka 1867. Mume akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, akihama nao Hamburg, Dresden, Rudolstadt, Berlin. Alikuwa binti wa sultani, si mtoto wa mkulima, lakini ukisoma maisha yake unaona kilichomtesa zaidi ya umaskini ni kukosa wa kwao. Miji mizuri haina maana kama huna wa kumwambia "hebu ona kile." Dada yangu mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu usiku analia. Mwaka huu hapigi. Mimi nilidhani familia itafurahia hilo kwanza, mengine baadaye.

Sasa nisionekane naegemea upande mmoja. Mjomba ana jambo moja ambalo ni la kweli, ila alilisema vibaya. Wapo wanafunzi wa ughaibuni ambao picha zao zinadanganya. Anapiga picha mbele ya gari la mtu, mbele ya hoteli asiyolala, mikono mfukoni, miwani ya jua kwenye theluji. Hasemi kwamba jana aliosha vyombo mpaka saa nane usiku. Matokeo yake mdogo wake huku anaacha shule akitafuta njia ya kuzamia, na mjomba anasubiri mabati. Picha ya namna hiyo ni hasara kwa kila mtu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa ninyi mlioko huko, mnaosoma hapa: tumeni picha, lakini tumeni na maelezo. Hii ni Bremen, hapa ndipo lilipokuwa fuvu, nauli ilikuwa kiasi hiki, nililala kwa fulani, jana nilikuwa kazini. Andikeni kwa Kiswahili, bibi asomewe. Mwenye kuambiwa ukweli wote hanuni hovyo.

Na sisi tuliobaki? Hapa ndipo panapochekesha. Kutoka Iringa mjini mpaka Kalenga ni kilometa kama 15 tu, barabara ya kwenda Ruaha. Daladala zipo. Chumbani kwetu hosteli tupo wanne, wote ualimu, wawili wanasoma Historia, na aliyewahi kuingia makumbusho ya Kalenga ni mimi peke yangu, tena kwa sababu ni kwetu. Mmoja wao anaijua Manchester mitaa yote kwa sababu ya mpira. Hajawahi kuona fuvu ambalo mataifa makubwa yaliliandikia kifungu kwenye mkataba. Pale kuna makaburi ya machifu, kuna silaha, na mhifadhi anayesimulia bila kuchoka. Ukitoka unaona misheni ya Tosamaganga juu kule kilimani. Na ukiwa na hela kidogo zaidi unaweza kwenda Lugalo, kwenye barabara kuu ya Dar, lilipo kaburi la Zelewski. Siku moja inatosha.

Kwa hiyo tusisubiri viza ndipo tuanze kutembea. Anayemsuta mwenzake wa Berlin huku mwenyewe hajafika Kalenga, huyo shida yake si hela ya nauli. Kutembea ni mazoea, na mazoea yanaanzia nyumbani: unamchukua mama, mdogo wako, mchumba wako kama unaye, unakwenda kuona, mnarudi mkibishana juu ya mlichoona. Mwalimu mwenye mazoea hayo ukimpeleka Bremen atajua aangalie wapi. Asiye nayo, hata ukimpeleka nchi zote 29 ataleta picha ya miwani.

Basi Jumamosi ijayo, baada ya mtihani wa mwisho, mimi nakwenda Kalenga na mama mkubwa. Amekaa hatua chache kutoka makumbusho miaka yote hiyo, anasema hajaingia tangu alipokuwa shule ya msingi. Wenzangu wa chuo mnaotaka kuungana nasi, tukutane stendi saa mbili asubuhi, kila mtu na nauli yake na kiingilio chake. Ulanzi baada ya hapo ni hiari. Mjomba naye nimemwalika, kakubali, ila kasema anakuja kubishana.

Naomba kuwasilisha.